Muulize Shangazi: Helmeti imevuliwa, kichwa bado kina kona

Mwezi huu barua zimekuja nne na zote zinazungumzia kichwa cha mtoto, sijui mlikaa kikao. Nimeona bora niziweke pamoja maana jibu la mmoja linamgusa na mwenzie.

*Shangazi shikamoo. Mi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume ana miezi 11, nipo Mwanga hapa Kigoma, nimerudi mwezi uliopita tu. Tulikuwa Marekani mume wangu alikuwa anasoma na mtoto kazaliwa huko huko. Alipofika miezi 3 wakaniambia kisogo chake kimebonyea upande wa kulia na shingo imekaza, tukapewa mazoezi, kufika miezi 5 wakamvisha helmeti ya kunyoosha kichwa. Shangazi ile kitu masaa 23 kwa siku, unaivua saa moja tu ya kuogesha na kuisafisha, miezi 5 mizima, bima ililipa kidogo nyingine tukajibana. Miezi 10 wakaivua wakasema kamaliza, wakampa na cheti tukapiga picha. Ila mi nikimwangalia kwa juu bado naona kona, na tangu tumefika huku naona kama kinarudi. Mama mkwe kila jioni anamkanda na kitambaa cha maji ya moto na mafuta ya mise (ya kokwa za chikichi) anasukuma ule upande uliotokeza. Mi juzi nikatoa helmeti kwenye begi nikamvisha usiku, akalia mpaka nikamvua, ikaacha alama nyekundu juu ya sikio. Hata kwenye treni kutoka Dar nilimvisha asije akajigonga maana behewa linayumba, kijana mmoja akaniuliza sista huyo dogo boda yake kaipaki wapi. Sasa hivi anasimama kwa kushika kochi anaanguka kila saa, usiku anaamka mara nne, nimechanganyikiwa. Nifanyeje, nirudishe helmeti ya usiku tu?*
*Mama wa Mwanga, Kigoma*

Marahaba mwanangu, karibu nyumbani. Huyo kijana wa kwenye treni kanichekesha, huku watu wa boda wanaiita elementi na hawamvishi abiria, sembuse mtoto, kwahiyo mumsamehe.

Helmeti irudishe kwenye begi leo hii na isitoke tena. Ngoja nikueleze kwanini, maana naona walikuambia masaa ya kuivaa ila hawakukuambia vizuri inafanyaje kazi. Ile kitu haisukumi kichwa. Inagusa pale palipotokeza na inaacha nafasi wazi pale palipobonyea, halafu kichwa kinavyokua kinajaza ile nafasi. Kwahiyo kinachofanya kazi ni kukua kwa mtoto, helmeti inaonyesha njia tu. Sasa ilipimwa kwa kichwa chake cha siku zile, na kila mlipoenda walikuwa wanaichonga kwa ndani kufuata anavyokua. Mwezi mzima haijachongwa na kichwa kimeongezeka, hiyo nafasi unayoitegemea haipo tena, imebaki kubana tu. Ile alama nyekundu ndo jibu lako. Hata kipindi cha tiba wekundu unaruhusiwa ule unaopotea ndani ya saa moja baada ya kuvua, ukikaa zaidi ya hapo ni ishara helmeti haijakaa vizuri. Na ya kwenye treni pia hapana, hii haikutengenezwa kuzuia kujigonga, mikono yako ilitosha.

Sasa hilo la kinarudi. Mi nakuambia ukweli, uwezekano ni mdogo sana. Chukua hesabu hii. Mtoto anazaliwa mzingo wa kichwa ni kama sentimita 35, akifika mwaka ni kama 46. Sentimita 11 ndani ya mwaka mmoja! Halafu mwaka wa pili wote anaongeza kama sentimita 2 tu. Unaona basi, kichwa kilikuwa kinakwenda mbio na sasa hivi kinatembea, hakiwezi kuharibika haraka na hakiwezi kunyooka haraka vilevile. Na kilichokibonyeza mwanzo ni kulala sehemu moja masaa mengi fuvu likiwa bado laini na yeye hawezi kujigeuza, leo huyo anatambaa anasimama anavuta vikombe mezani, kisogo chake kinagusa godoro saa ngapi? Akiwa kalala tu, na hapo anajigeuza mwenyewe.

Kinachokudanganya nadhani ni nywele na macho yako. Nywele zilikuwa zimelala chini ya helmeti miezi mitano, sasa zinaota zinasimama upande mmoja zaidi ya mwingine. Na wewe umezoea kuangalia kwa juu. Nani mwingine anamwangalia mwanao kwa juu? Atakuja kuonekana kwa juu na nani, kunguru? Fanya hivi, mara moja kwa mwezi, SI kila siku, mloweshe nywele, mpige picha moja kwa juu sehemu ileile, uiweke. Yale makaratasi ya vipimo vya mwisho yatunze. Akienda chanjo ya pili ya surua na rubella miezi 18 muombe nesi apime mzingo wa kichwa aandike kwenye kadi, ile futi haipimi kona lakini inaonyesha kichwa kinakua inavyotakiwa, na hilo ndo la maana kuliko kona. Kona iliyobaki nyingi zinamezwa na nywele na shingo inavyonenepa na uso unavyokua, na ikibaki kidogo ikabaki, shika kichwa chako mwenyewe sasa hivi upapase nyuma. Umeona? Hakuna aliyenyooka.

Mi kichwa hakinisumbui kwenye barua yako, kinachonisumbua ni shingo, ambayo umeitaja neno moja ukapita. Kuna msuli unatoka nyuma ya sikio unashuka mpaka kwenye mtulinga, ukikaza upande mmoja mtoto anainamisha kichwa huku na kuangalia kule, na watoto wengi wenye kisogo bapa chanzo ndo hicho, kichwa kinabonyea kwa sababu shingo haimruhusu kulalia upande wa pili. Helmeti haigusi shingo. Kwahiyo kama mazoezi yaliisha siku ya cheti basi mmeacha kazi katikati. Mjaribu hivi, mkalishe kwenye mkeka, wewe kaa nyuma yake umuite upande huu kisha upande ule, au mtu apitishe kijiko kinachong'aa. Kidevu kinatakiwa kifike karibu na bega pande zote mbili bila kugeuza kiwiliwili chote. Kama upande mmoja anageuka na mwili mzima mpeleke fizio, hapo hospitali ya Maweni uliza kitengo cha fiziotherapia, na uende na makaratasi yako.

Halafu nichunguzie jambo. Ukimbeba mgongoni anaweka shavu gani? Mi nimekaa Kigoma miaka mingi, wanawake tunabeba watoto tangu mwalo wa Kibirizi mpaka sokoni na kila mtoto ana shavu lake, wala hatujiulizi, tunafunga kitenge na safari imeanza. Kwa mtoto wa kwako hilo shavu lina maana. Muanzishie upande ule asioupenda, ukimtupa mgongoni mgeuze kichwa kabla hujakaza fundo. Na kitanda, kama kimegusa ukuta mtoto siku zote anaangalia mlangoni au anakuangalia wewe, basi usiku wa leo kichwa kikae hapa kesho kikae miguuni. Hayo ndo matunzo yenyewe baada ya helmeti mwanangu, hayana cheti.

Mama mkwe sasa. Hapa nataka uwe na hekima. Kumkanda mtoto kichwa hakubadilishi mfupa, na kitambaa cha moto juu ya utosi sikitaki kabisa kwa sababu utosi wa mbele kwa kawaida unafunga kati ya miezi 12 na 18, wake huenda bado uko wazi, na ngozi ya mtoto inaungua kwa maji ambayo mkono wa mtu mzima unayaona ya vuguvugu. Kuna watu ng'ambo ya ziwa, mbali huko kaskazini mashariki mwa Kongo, Wamangbetu, zamani walikuwa wanafunga vichwa vya watoto wachanga kwa kamba ili virefuke, ilikuwa ni urembo na heshima. Na vilirefuka kweli. Lakini kamba ilikaa usiku na mchana, muda mrefu, tangu mtoto mdogo kabisa. Kinachobadilisha kichwa ni kitu kinachogusa muda wote, iwe kamba, iwe godoro, iwe helmeti. Dakika kumi za jioni ni mapenzi tu ya bibi, hazinyooshi wala hazipindishi.

Ila usije ukamwambia "daktari wa Marekani kasema", hapo umeharibu, utasikia habari zako Ujiji yote. Mwambie mama naomba unisaidie shingo, mkono wako mwepesi, na umuonyeshe lile zoezi la kugeuza. Mise apakwe mwilini, kichwani subiri kama kuna vipele vya joto vilivyoachwa na helmeti, mafuta yanaviziba. Maji ya kawaida na sabuni ya mtoto, kausha, acha upepo. Vikitoa usaha au ngozi ikichubuka nenda kliniki.

Kuamka usiku kutapita. Alizoea kitu kinamshika kichwa miezi mitano, katolewa, kapandishwa ndege, kapandishwa treni, kashushwa kwenye joto la Kigoma na sura mpya kumi, na wewe ulitaka alale? Kuanguka ndo kutembea kwenyewe. Tandika mkeka, sogeza meza yenye kona. Akianguka akalia akanyamaza akacheza sawa. Akianguka akatapika mara kwa mara, au akalegea haamki vizuri, au degedege, au damu na majimaji puani au sikioni, hapo hamna kusubiri asubuhi.

*Shangazi habari, mi nipo Isevya Tabora, nauza asali na karanga sokoni. Mwanangu wa kike ana miezi 3 na nusu kisogo kimekuwa bapa kama sahani, zaidi kushoto. Binamu yangu yupo Uingereza mtoto wake alivaa helmeti kapona, anasema anaweza kunitumia ileile kwa laki sita, nimpe kwa mafungu. Naogopa nikichelewa itakuwa basi. Mtoto nashinda nae sokoni, nimemtengenezea boksi zuri chini ya meza na godoro lake, hanisumbui kabisa. Naomba jibu haraka.*
*Muuza asali, Tabora*

Haraka nakujibu: usitume hata mia. Nimetoka kumueleza mwenzio wa Mwanga kwamba helmeti inapimwa kichwa cha mtoto mmoja na kuchongwa kumfuata huyo huyo. Ya mtoto wa binamu inajua bonde la mtoto wa binamu, wa kwako bonde lake lipo kwingine, itambana pasipotakiwa na kumwachia nafasi pasipotakiwa. Ni kama kuvaa meno ya bandia ya jirani. Kwanza huko huko Uingereza hospitali za serikali kwa kawaida haziitoi, wazazi wanajilipia wenyewe kama pauni 2,000 hivi, kwahiyo naelewa binamu anatafuta kurudisha chochote.

Na usijione mnyonge kwamba wenzio wana helmeti wewe huna. Uholanzi walifanya utafiti ukatoka mwaka 2014, watoto 84 wenye vichwa vilivyobonyea vya kati mpaka vibaya, nusu wakavishwa helmeti miezi sita nusu wakaachwa hivi hivi wakue. Walipofika miaka miwili waliopona kabisa walikuwa 26 kwa mia upande wa helmeti, na 23 kwa mia upande wa walioachwa. Unaona tofauti ilivyo. Na wazazi wote wa upande wa helmeti walisema ilileta shida, mara ngozi mara jasho mara harufu. Sasa nisikufiche, watoto wenye shingo iliyokaza na waliozaliwa kabla ya wakati hawakuwemo kwenye utafiti ule, na wapo madaktari wa upasuaji wa ubongo Marekani walioandika mwongozo mwaka 2016 wakaikubali helmeti kwa wale walioharibika sana na mazoezi yakashindwa. Watabishana wenyewe. Ila kwa mtoto wa miezi 3 na nusu hakuna hata mmoja wao anayeanza na helmeti. Wote wanaanza na kile ambacho wewe unacho bure, na umri huo ndo wenyewe, kichwa bado kinakua mbio.

Mi nimeliona jibu kwenye barua yako. Boksi. Boksi lipo chini ya meza, mtoto hakusumbui, analala chali asubuhi mpaka jioni, na sina shaka wateja wanatokea upande mmoja na wewe umekaa upande huohuo, basi anageukia sauti na mwanga siku nzima upande uleule na kisogo kinakandamizwa palepale. Kushoto si ndo uliko wewe? Geuza boksi kesho. Kichwa kiende kulipokuwa na miguu, kila siku geuza. Halafu punguza boksi. Mteja akipungua mtoe umweke kifuani au mgongoni, muda wote aliopakatwa au kubebwa kisogo kinapumzika. Na umlaze kifudifudi kwenye mkeka akiwa MACHO na wewe unamuona, dakika tatu, dakika tano, atalalamika, mpe kitu cha kuangalia, Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wa mwaka 2019 wanasema kwa watoto ambao hawajaanza kutambaa jumla ifike angalau dakika 30 kwa siku na unaweza kuzigawa. Hapo sokoni wamama wenzio watafurahi kumchezesha chini ya mwembe, wape zamu. Na kunyonyesha badilisha upande, hasa ukiwa unampa chupa maana wa chupa tunamshika mkono uleule kila siku.

Lakini, na hapa nakaza sauti, usingizi wa usiku na wa mchana anaendelea kulala CHALI. Najua unajiuliza si ndo kulala chali kumeleta haya, ni kweli kunachangia, Marekani walianza kuwaambia wazazi mwaka 1992 wasiwalaze watoto kifudifudi na vichwa bapa vikaongezeka sana, ila vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kama nusu. Mi nachagua kichwa bapa. Akishajua kujigeuza mwenyewe huku na huku mlaze chali, akijigeuza muache.

Mpeleke hospitali ya Kitete au kliniki yako wamwangalie mara moja, usiende kwa hofu nenda kwa kuhakikisha. Kisogo cha kulalia ukiangalia kwa juu sikio la upande uliobonyea limesogea mbele, na paji la upande huo nalo limetokeza kidogo, kama mtu kaburuza upande mzima kwenda mbele. Kuna ugonjwa mwingine ambapo maungio ya fuvu yanafunga mapema kabla ya wakati, ni nadra, kama mtoto mmoja kwa kila 2,000 au zaidi, huo unaweza kupapasa mfupa umeinuka kama tuta kwenye maungio, utosi umefunga mapema, na kichwa kinaharibika tu kadri siku zinavyokwenda hata ukigeuza boksi mara ngapi. Huo hauhitaji boksi unahitaji daktari wa upasuaji, watakuandikia rufaa hospitali ya Bugando Mwanza au taasisi ya mifupa, MOI, pale Muhimbili.

*Shangazi mi ni baba, niko Kasulu. Mtoto wangu wa miezi 7 ana kichwa bapa nyuma, mke wangu hana wasiwasi ila baba yangu mzazi kasema mtoto wa namna hiyo akili inakuwa nzito maana ubongo umebanwa. Nimekosa usingizi. Ni kweli?*

Si kweli baba, lala. Ubongo haubanwi, mfupa umebadilika umbo kwa nje na ubongo unajaza nafasi iliyopo, kama maji kwenye ndoo ya duara na maji kwenye dumu la lita ishirini, ujazo ni uleule. Mzee wako si mjinga lakini, ameona kitu akakisoma kinyume. Ni kweli baadhi ya watoto wenye vichwa bapa wanachelewa kidogo kukaa na kutambaa, na watafiti wameliona hilo, ila fikiria, mtoto asiyependa kujigeuza ndo anayelala chali muda mrefu, kwahiyo uvivu wa kujigeuza ndo mara nyingi unaleta kisogo bapa, sio kisogo kuleta uvivu. Ndo maana mi nikiona kichwa bapa naangalia mwili. Wa kwako wa miezi 7 kichwa anakishika imara? Anafuata kitu kwa macho, anashika vitu kwa mikono YOTE miwili, anageuka? Basi. Ikifika miezi 9 hajakaa bila kushikwa, au mkono mmoja au mguu mmoja anautumia zaidi ya mwenzie, mpeleke kliniki na useme hilo la kukaa, la kichwa liache.

Kichwa ambacho ningetaka mkimbie nacho ni kile kinachokua haraka kupita kiasi, utosi umevimba na kukaza hata mtoto akiwa hajalia, mishipa inaonekana, macho yanaangalia chini kama jua linalozama, anatapika. Hicho ni kichwa kujaa maji, na huku kwetu watoto wengi wanafika hospitali wamechelewa kwa sababu wamezungushwa kwanza kwa waganga wanapakwa dawa utosini. Kinatibika kwa upasuaji na kila wiki ina maana. Mwambie mzee hiyo ndo ya kuogopa.

*Shangazi, mimi ni bibi wa Ujiji. Mkwe wangu kanunua kimto chenye tundu katikati eti mjukuu alale kichwa kiwe duara. Mi wanangu saba nimewalaza kifudifudi vichwa vyao vizuri kama mayai. Nani mkweli?*

Shikamoo bibi. Leo hakuna aliyeshinda. Kimto kiondolewe, mtoto chini ya mwaka mmoja hahitaji mto wa aina yoyote, uso unazama au kidevu kinainamia kifuani na pumzi inaziba, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari Novemba 2022 kuhusu hivyo vimto vya kutengeneza kichwa kwa jina lake kabisa, ikasema wazazi wasivitumie na wavitupe. Na kifudifudi nacho hapana bibi yangu, wanao saba wamekua tunamshukuru Mungu, ila jiulize mtaani kwenu enzi hizo ni watoto wangapi walilala jioni wazima asubuhi wakakutwa wamekwenda na watu wakasema wamelogwa. Mjukuu alale chali, mchana mbebe wewe mgongoni huku unachambua dagaa, shavu la kushoto leo shavu la kulia kesho.

Kimto mkwe asikirudishe dukani kwenda kuuziwa mwingine. Toa pamba, tundu lishone, kalia.